Manjano Kidoleni

Kwa miaka thelathini Ratnamma alikuwa akipaka tone la manjano ya baraka kwenye kila roketi iliyoondoka kisiwani, na hakuna aliyemkataza. Fundi hodari, basi mwacheni na imani zake. Lakini chombo cha leo kilitengenezwa kubeba watu. Kilikuwa bado kitupu. Helikopta ingekidondosha kutoka kilomita nne juu ili ionekane kama miamvuli yake itafunguka. Ikigoma, wale marubani wanne waliokwisha kushonewa mavazi ya anga wangesubiri miaka mingine miwili.

Helikopta ilikuwa imeshapaa nacho. Katika chumba cha vipimo watu walibanana, chai ikipoa mezani bila mnywaji.

"Bosi, kipimo kinasema chombo bado kiko chini," alisema Vasundhara, msoma vipimo.

Phanindra, mkuu wa jaribio, alisogea. "Matundu ya hewa yanayopima kimo si yako mawili? La pili linasemaje?"

"Linasema hivyo hivyo."

"Basi ni redio inatuzingua tu. Yote mawili hayawezi kuharibika kwa pamoja. Tunaendelea. Dakika mbili!"

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Ratnamma alikitazama kidole chake. Kilikuwa kimekolea manjano. Asubuhi aliviona vitundu viwili vimekaa kama macho, akaona si uungwana kulipamba jicho moja na kulinyima jingine.

Alibakiza miezi mitatu astaafu. Akinyamaza, nani angejua? Chombo kikijidhania kiko chini, miamvuli isingefunguka; kingesagika chote, na manjano yake humo humo.

"Simamisha!" alipiga kelele. "Phani, simamisha! Nimeyaziba mimi!"

"Umeyaziba? Kwa kitu gani, dada?"

Akanyoosha kidole. Phanindra alikiangalia sekunde moja tu, kisha akarukia redio.

"Usidondoshe! Narudia, usidondoshe! Rudi chini!"

Chombo kilipotua, Ratnamma aliyazibua matundu mwenyewe, kwa sindano na pindo la sari, uso umemshuka kwa aibu. Chombo kikapandishwa tena, na safari hii namba zikapanda nacho.

"Kimeachiwa!" Vasundhara alipaza sauti. "Mwamvuli wa kwanza... wa pili... Wa tatu! Yote imefunguka!"

Chumba kililipuka kwa shangwe. Watu wazima wenye mvi walikumbatiana na kurukaruka, chai ikamwagika juu ya karatasi na hakuna aliyejali. Ratnamma alilia waziwazi. Kisha akavua kitambulisho chake shingoni, akakiweka mbele ya Phanindra.

"Chukua, mdogo wangu. Nimestahili."

"Wewe uliyaziba, akili yangu mimi nani aliiziba?" alisema Phanindra. "Mimi ndiye niliyesema hayawezi kuharibika kwa pamoja. Vaa kitambulisho chako."

Akaivuta orodha ya maandalizi, yenye hatua mia mbili na kumi na tatu, akaongeza moja kwa kalamu na kuisoma kwa sauti:

"Hatua ya mia mbili na kumi na nne: Ratnamma apake manjano. Kwenye paji la uso wa mkuu wa jaribio, si penginepo."

Akainamisha kichwa, akangoja.