Mume wa Ukurasa wa Kwanza

Katika mswada wa kwanza mume alikufa mwishoni kabisa mwa kitabu, mzee wa mvi, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Fundi makochi aliusoma mswada huo wa mkewe wakati mkewe yuko kazini, akaridhika. Kifo cha heshima. Hapakuwa na haja ya kuuliza mume huyo ni nani: naye alikuwa fundi makochi, naye alibana misumari midogo midomoni huku akigonga, naye alikoroma akilalia ubavu wa kushoto.

Katika mswada wa pili alikufa katikati. Mvi zilikatwa kwa wino mwekundu, na wajukuu hawakuzaliwa.

"Mbona huyu bwana umemharakisha?" aliuliza, kama anayeuliza habari za jirani.

"Mhariri anasema hadithi inajikokota," alijibu mkewe, mwalimu wa hesabu aliyeandika kila jioni kwenye meza ya chakula. "Mume anachelewesha mambo."

Huyo mhariri fundi hakuwahi kumtia machoni. Alijua sauti yake tu, nzito, ya kiume, yenye tabia ya kupiga simu chakula kikiwa jikoni. Jioni moja fundi alisimama nyuma ya mlango akamsikia mkewe akisema, "Sawa, namuua ukurasa wa kwanza. Kusema kweli hata mimi alishanichosha." Kisha akacheka, kicheko ambacho fundi hakukisikia nyumbani mwake tangu watoto waanze shule.

Kweli akauona mswada wa tatu. Mume alikuwa maiti kabla ya aya ya pili. Fundi aliufunga papo hapo, akaurudisha kwenye droo.

Roho ikamkaa juu juu. Karakanani misumari akaitoa midomoni, asije akaimeza, akaihamishia kwenye kopo. Chai ya asubuhi hakuigusa mpaka mkewe aionje. Alipomweleza fundi mwenzake, ndipo akazidi kuharibikiwa. "Kaka," mwenzake alimwambia, "mtu akikufanyia mazoezi kwenye karatasi, ujue mechi ipo."

Siku hiyohiyo alilipuka.

"Nataka awe hai! Mwanzo mpaka mwisho! Au nitajie ni nani anayesubiri nitoke."

"Baba watoto, hii ni hadithi."

"Basi hadithi imwache apumue!"

Mkewe akakubali shingo upande, akaandika upya kitabu kizima.

Fundi aliupokea mswada mpya kama mtu aliyeshinda kesi. Mume alikuwa hai, mzima wa afya. Aliingia, akala, akauliza rimoti iko wapi, akalala. Zikapita sura nzima asitajwe, na fundi mwenyewe alichelewa kugundua kwamba hayumo. Alipiga miayo. Mwishowe akaufungua tena ule wa kifo, na safari hii akavuka ukurasa wa kwanza.

Kumbe mjane alilala na shati la marehemu. Kumbe lile kochi la nyumbani lililochanika, ambalo mume aliahidi kulishona miaka nenda rudi, mjane hakukubali fundi mwingine yeyote aliguse. Alimlilia, akamgombeza, akamweleza habari za siku nzima, kurasa kwa kurasa. Fundi hakujua kama kuna mtu duniani aliyewahi kumtazama kwa makini namna hiyo. Machozi yakamtoka.

"Mama watoto," alimwita mkewe, "huyu aliyekufa unampenda hivi kweli?"

"Nampenda sana."

"Na huyu aliye hai?"

Mkewe alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Huyo nilikaa naye muda wote ule," akasema, "sikupata la kuandika juu yake."

Maneno hayo yalimuuma fundi kuliko yale ya nyuma ya mlango. Mhariri alimtoka kichwani kabisa. Sasa alimwonea wivu marehemu.

"Kitabu ni hiki," alisema, akausukuma mswada wa kifo mbele ya mkewe. Akabaki amesimama pale mezani akingoja atazamwe, na mkewe, kwa furaha, alikuwa ameshainamia ukurasa wa kwanza.