Macho ya Kanali

Kabla hajaanza kulea mbwa wa watu, mama huyu alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na mitatu. Alifua mashuka ya waliozaliwa na mashuka ya waliokufa, na mashine haikuwahi kuuliza tofauti. Mume wake alipofariki, alistaafu mapema, akapangisha nyumba yao, akahamishia kitanda na sufuria mbili kwenye chumba cha uani kwa kaka yake. Kisha akafanya jambo ambalo ukoo mzima haujamaliza kulisema: alinunua begi la magurudumu, akaanza kuzunguka miji ya watu akikaa na mbwa wao.

Mpango wenyewe haukuwa na siri. Kuna mtandao ambapo wenye mbwa na wenye safari hukutana na wasio na chochote cha kuwazuia nyumbani. Mwenye nyumba akisafiri, wewe unaingia, unalala kitandani kwake, unamlisha mbwa wake na kumtembeza, na akirudi anakupa nyota. Hulipwi, hulipi. Ukiwa na nyota tano, unajichagulia mji. Zikishuka, unarudi chumba cha uani.

"Watu wa rika lako wanalea wajukuu," kaka yake alimwambia siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni kama mlinzi. "Wewe unapanda basi alfajiri kwenda kuzoa mavi ya mbwa usiyemjua."

"Wajukuu nao wana mavi, kaka."

"Lakini wao watakuzika."

Alilivuta begi lake akampita. Alikuwa ameshamzika mume wake, na alijua vizuri nani alishika koleo na nani alishika simu.

Kwa miaka mitatu alizunguka hivyo, na alifurahi kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Katika mji mmoja wa baridi, mbwa mmoja kibogoyo mwenye umri wa miaka kumi na minne alilala juu ya miguu yake kila usiku, akikoroma kama marehemu mume wake. Katika mji mwingine, mbwa jike mwembamba alimfundisha njia zote za sokoni, na wauza nyama wakawa wanamsalimu mbwa kwanza. Aliona mito, madaraja na mabustani ambayo mshahara wa dobi usingemwonyesha. Kulikuwa na sharti moja tu alilojiwekea: siku mwenye nyumba anaporudi, yeye huondoka saa mbili kabla na kuacha ufunguo kwa jirani. Kumuaga mbwa ni kazi ya upande mmoja. Wewe unaaga, yeye ananusa begi lako akidhani mnaondoka wote.

Ndipo akapewa Kanali.

Kanali alikuwa dume kubwa la rangi ya majivu, kifua kipana, masikio yaliyochoka, na aliogopa meza ya kupigia pasi. Mwenye mbwa alijulikana mtaa mzima kama Mshauri, ingawa hakuna jirani aliyejua anamshauri nani. Yeye na mkewe walikuwa wanakwenda ng'ambo kwa miezi mitatu. Waliacha maelekezo ya kurasa kumi na moja yaliyobandikwa kwenye friji. Ukurasa wa nne ulisema Kanali asiambiwe "hapana", kwa sababu ana hisia. Aambiwe "tufikirie upya". Ukurasa wa tisa ulisema kila siku saa saba mchana Mshauri atapiga simu ya video kuzungumza na mbwa wake, na mbwa akae wima.

Siku ya kwanza Kanali alitazama dari. Siku ya pili alijilamba mahali pasipofaa kuonyeshwa ng'ambo. Siku ya tatu aliigeuzia simu makalio, akalala.

"Kanali," Mshauri aliita kutoka kwenye kioo cha simu, sauti ikimkatika. "Kanali, ni mimi."

Jioni ile mkewe aliandika ujumbe: *Mama, mume wangu hajala leo. Kuna kitu umemfanyia mbwa?*

Yule mama alisoma ujumbe mara mbili, akaziona nyota zake zikidondoka moja moja. Kesho yake, saa saba kasoro dakika moja, alichukua kipande cha soseji, akakishika nyuma ya simu, juu kidogo.

Kanali alikaa wima. Alitazama kwa macho mapana yenye maji, shingo imenyooka, midomo ikitetemeka kwa hamu. Hakupepesa. Ng'ambo, mtu mzima mwenye tai alifunika uso kwa viganja.

"Unaona?" alimwambia mkewe. "Unaona anavyoniangalia?"

Tangu siku hiyo soseji ikawa kama kodi. Mshauri aliwaita wafanyakazi wenzake waje kushuhudia. Alimsomea Kanali ripoti za ofisi. Mara moja alimwomba ushauri, na Kanali, aliyekuwa ameona kipande kikubwa kuliko kawaida, akatoa mlio mwembamba uliopokelewa kama busara.

Baada ya simu, mama na Kanali walitoka. Hapo ndipo maisha yao yalipokuwa. Walipita mtaa wa mafundi viatu, wakazunguka uwanja wa shule, wakakaa kwenye benchi lililovunjika mbao moja. Alimwambia mambo ya mume wake, jinsi alivyokuwa akipiga mluzi anapovaa viatu, na jinsi siku ile ya mwisho alivyotoka bila kupiga, naye mama akadhani ni usingizi tu. Kanali alimwekea kidevu gotini. Hakukuwa na soseji yoyote.

Mwezi wa pili ulipoisha, mke wa Mshauri alipiga mwenyewe. Kazi ya mumewe imeongezwa, alisema. Watakaa ng'ambo miaka minne na nyumba itapangishwa.

"Sasa kuhusu Kanali, mama. Kumsafirisha ni mzigo. Wewe naye mmezoeana. Ukiweza kukaa naye moja kwa moja, mimi nitashukuru. Nimngoje tu mume wangu akate shauri."

Alisema ataweza. Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda bafuni akafungua bomba ili mbwa asimsikie. Jioni alimpigia kaka yake.

"Mbwa? Huku kwangu?"

"Ni mpole, kaka."

"Hata mamba akishiba ni mpole. Ana ukubwa gani?"

"Wa kawaida."

"Wewe unaposema kawaida, mimi nasikia punda," kaka yake alisema, akakata simu. Hakusema ndiyo, ila hakusema hapana. Kwake yeye hiyo ilikuwa karamu.

Basi mama alianza kuizima ile kazi ya macho. Aliona ni rahisi: soseji isipokuwepo, mapenzi yatapoa, na Mshauri atamwacha mbwa bila kinyongo. Saa saba ya kesho yake alishika simu mikono mitupu. Kanali alitazama nyuma ya simu, akatazama chini, akajibwaga sakafuni na kushusha pumzi ndefu.

Mshauri alishika mdomo.

"Amekata tamaa," alisema. "Mbwa wangu anadhoofika kwa kunikosa, na mimi nakaa kwenye mikutano."

"Ana afya, bwana. Amekula vizuri tu."

"Mama, wewe unaona mwili. Mimi nimeona macho. Mbwa anayeniangalia vile siwezi kumwacha. Tunakuja Jumamosi kumchukua."

Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza, hakuondoka saa mbili kabla. Alipiga pasi gauni lake la kanisani chumbani, mlango umefungwa ili Kanali asiione meza, akawangoja sebuleni. Walifika na kizimba cha safari chenye mto ndani, kikubwa kuliko chumba cha uani. Mshauri alipiga magoti mlangoni, mikono wazi, mkewe akiwa ameelekeza simu kurekodi. Kanali alimnusa viatu, akampita, akaenda kukojolea gurudumu la gari.

"Ana mshtuko," Mshauri alieleza. "Furaha ikizidi huwa hivyo."

Yule mama alijikaza. "Bwana, kuna jambo. Yale macho hayakuwa yako. Ilikuwa soseji. Nilikuwa naishika nyuma ya simu, kila siku."

Mshauri alimtazama kwa huruma nyingi, kama mtu anayemtazama mgonjwa akikana homa.

"Mama, naelewa. Umempenda. Mtu akipenda husema chochote." Akamshika bega. "Sitalitaja kwenye nyota zako."

Alikwenda kupakia kizimba. Mkewe alibaki jikoni akibandua kurasa kwenye friji, moja baada ya nyingine.

"Mimi nilijua tangu wiki ya pili," alisema bila kugeuka. "Mkono wako unaonekana kwenye kioo cha kabati."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Miaka mingi hakuna aliyemwangalia hivyo mume wangu. Mimi nikiwemo." Akazikunja kurasa. "Nisamehe, mama. Nilidhani atamwacha Kanali. Na kubeba mbwa ni rahisi kuliko kumbeba yeye."

Nje, Mshauri alifungua mlango wa gari akaita. Yule mama alisimama barazani, akajiambia kwamba sasa Kanali atakataa, atageuka, itabidi avutwe. Kanali aliona gari limefunguliwa, akaruka ndani mwenyewe, akatoa kichwa dirishani upande wa barabara. Aliangalia mbele tu, masikio yakipepea, mpaka kona ikamla.

Mama alirudi ndani kuchukua begi. Simu ikaita. Alikuwa kaka yake, na nyuma yake misumari ilikuwa inagongwa.

"Nisikilize haraka, huyu fundi ananipotezea siku. Mabega ya mbwa wako yana upana gani? Anataka kukata mlango wa banda."

Alifungua mikono yake pale sebuleni, usawa wa goti, akaipima hewa.

"Shibiri mbili na vidole vinne," alisema. "Na urefu uongezwe kidogo. Hapendi kuinamisha kichwa."

"Hapendi. Mwinyi huyo. Kingine?"

"Kaka, wamemchukua. Sasa hivi."

Nyundo iliendelea kidogo, ikanyamaza. Alimsikia kaka yake akikohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Mbao nimeshanunua," alisema.

"Najua. Pole."

"Na nimekwenda kwa jirani siku tatu kuzoea yule wake. Nimemshika kichwa, mimi. Ulizia." Akakohoa tena. "Unakwenda wapi sasa?"

"Jumatatu nina wawili, wadogo. Mji mwingine."

"Jumatatu ni kesho kutwa. Pitia hapa ule kwanza, hao wadogo hawatakufa."

Fundi aliuliza kitu kwa mbali: akate, au aache?

"Kata," kaka yake alimjibu. "Kata hivyohivyo. Huyu dada yangu mimi namjua."