Wimbo Namba 209 kwa Majira Yote

Alhamisi saa kumi jioni mwalimu wa kwaya aliketi katika chumba cha nyuma ya madhabahu, akafungua daftari, akaweka kalenda ya kanisa kushoto na kitabu cha nyimbo kulia, akaanza kupanga nyimbo za Majilio. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na ilikuwa na masharti yake. Majilio hakuna shangwe, watu wanangoja. Krismasi waimbe mpaka koo ziwakauke. Kwaresima ngoma zifungiwe stoo. Ukimwomba wimbo wa Pasaka katikati ya Kwaresima, alikutazama kama mtu aliyeingia ndani na viatu vya matope. Orodha ikikamilika ilikwenda kwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa kutiwa sahihi, maana bila sahihi hiyo hata "Amina" haikuimbwa.

Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa amezikwa mpwa wake, binti wa dada yake. Binti huyo aliimba sauti ya pili miaka minane, kisha akaenda kuishi na fundi redio bila ndoa ya kanisa, na wazee wakamtenga. Alipofariki kwa homa, mama yake aliomba kitu kimoja tu: kwaya imuage kwa wimbo namba 209, ule wa kuwasindikiza wafu. Mwenyekiti akasema aliyetengwa haimbiwi. Mwalimu akaambiwa, naye akawaambia wanakwaya. Wakaja makaburini na nguo za nyumbani, wakasimama midomo imefungwa, mjomba mtu akiwa mstari wa mbele. Udongo ulirudishwa kimya kimya, na kusema kweli ilikuwa aibu tupu.

Jumapili ya kwanza ya Majilio mwalimu aliinua mikono, wanakwaya wakafungua vinywa waimbe wimbo wa kungoja, ikatoka 209. Beti zote nne, sauti zote nne. Waumini wakaupokea, kwa kuwa waliujua. Baada ya ibada mwenyekiti alimvuta mwalimu pembeni.

"Mwalimu, huu si wimbo wa Majilio."

"Najua, mzee. Sikuupanga."

"Basi angalia kalenda."

Krismasi ukatoka tena. Wazee wakaitisha kikao. Mmoja akasema yaliyopita si ndwele, wagange yajayo, wengine wakaitikia, na ikaamuliwa kwamba kama hautoki mwingine, basi huohuo ufuate majira. Mwalimu akaachiwa kuupangia mwendo. Januari aliuongezea kayamba. Kwaresima aliuondolea ngoma, akaupunguza kasi, na mgeni mmoja akasifu uteuzi wake. Orodha za kila wiki aliendelea kuziandika, na mwenyekiti aliendelea kuzitia sahihi, kwa sababu utaratibu ni utaratibu.

Kwaresima ikielekea ukingoni, dada yake alimfuata chumbani mle, akakaa kwenye benchi la wapiga ngoma.

"Mdogo wangu, zile nyimbo unazopanga zinafika kule."

"Kule wapi, dada?"

"Kaburini kwa mwanangu. Kila Jumapili, ibada yenu ikianza. Krismasi zilikuja tatu, zina tarumbeta. Nzuri, sikatai. Juzi ukaja ule wa toba. Nikapiga magoti, halafu nikakumbuka wa kutubu si mimi."

Mwalimu akapekua daftari. Zilikuwa zenyewe, na kwa mpangilio ule ule.

"Unachoandika humo ndicho kinachofika," dada akasema. "Basi niandikie 209. Mara moja tu. Ameimbiwa Krismasi, ameimbiwa toba, lakini kuagwa hajaagwa. Anaendaje?"

"Mwenyekiti hatatia sahihi, dada."

"Kwani mjomba wake ni nani, wewe au mwenyekiti?"

Mwalimu akafunga daftari. Dada akainuka, akaenda zake.

Alhamisi Kuu mwalimu alipanga nyimbo za Pasaka. Mstari wa kwanza aliandika 209. Akaitazama namba hiyo. Alimpenda yule binti. Yeye mjomba ndiye aliyemfundisha mtoto kusoma noti, tangu miguu ya mtoto haijafika sakafuni akikaa. Alimlilia pale mezani, peke yake, kwa kwikwi. Kisha akafikiria kikao cha wazee, akafikiria miaka kumi na tisa, akachana karatasi. Akaandika nyimbo tatu za ufufuo.

"Safi kabisa," mwenyekiti akasema, akisaini. "Hapo umezingatia majira."

Siku ya Pasaka kanisani ilitoka 209, na ngoma zote, na aleluya nne alizoziongeza mwalimu mwishoni. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Mwalimu aliongoza vizuri, machozi yakimtiririka, na waliomwona walisema Roho amemshukia.

Makaburini dada yake alikuwa amefika mapema. Alikuwa amepalilia, amemwagia maji, kisha akaifudikiza ndoo na kuikalia. Saa tatu wimbo ukaanza. Kwa noti ya kwanza tu alijua sio. Akajipa moyo kwamba huenda wake ni wa pili. Ukaja wa pili, wa ufufuo. Wa tatu aliusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mdogo wake tangu utotoni hupenda kuweka kizuri mwisho.

Wa nne haukuja. Akapangusa udongo kwenye sketi, akaokota jembe.

"Mjomba wako hajambo," akamwambia binti yake. "Ana kazi nyingi tu."