Fimbo Bila Radhi

Wakubwa wa siku hizi wanapenda kufuta. Walilifuta duka langu la Mtaa wa Msimbazi katika ile operesheni ya maduka, wakatuletea la ushirika lenye rafu tupu na msichana wa kukwambia njoo kesho. Mke wangu Nunu alikuwa keshakufa, ningemlalamikia nani? Nikabaki na kitu kimoja ambacho sikudhani kina mtu wa kukitamani: kirumbizi, mchezo wa fimbo alionirithisha baba yangu. Jioni vijana walikuja uani kwangu, nikawafundisha.

Kirumbizi kina mwanzo wake. Zumari inalia, mnasogeleana, mnashusha fimbo, ncha zinagusana. Mmoja anauliza, "Radhi?" Mwenzake anajibu, "Radhi." Hapo ndipo mnapopigana, maana kila mmoja keshamsamehe mwenziwe kwa lolote litakalotokea. Na sisi nyumbani tuliishi hivyohivyo. Dukani, mteja akinung'unikia mizani hakutoka mpaka nimwombe radhi. Nunu aliniomba radhi kabla ya kukata roho, na nikampa.

Basi akaja mwenyekiti wetu wa tawi la chama, Ndugu Aristides. Akasema Jumapili kuna sherehe, vijana wangu wacheze mbele ya wageni.

"Ila lile la radhi, mzee, litoe. Na zumari itoe. Wageni wanataka kuona ukakamavu. Adui akivuka mpaka utamwomba radhi?"

"Hawa si maadui, Ndugu Mwenyekiti. Wanakula sahani moja."

"Mzee Hamud, hayo mawazo ya kikabaila hayo!"

Ukabaila siujui. Nilijua tu kwamba nimetukanwa.

"Basi hawachezi," nikasema.

Akacheka, akamgeukia mwanangu. "Ubeid, ile kazi ya bandarini bado unaitaka?"

"Naitaka, Ndugu Mwenyekiti," akajibu Ubeid. Hakuniangalia.

Hawakunisikiliza; wakampangia Ubeid acheze na Vitalis. Huyu ni kijana wa Kichaga, mchukuzi wa Kariakoo, anasukuma mkokoteni na kumlisha mama yake, Severa. Jumapili asubuhi akanifuata.

"Shikamoo mzee. Kweli leo hakuna radhi?"

"Marahaba. Wewe cheza nilivyokufundisha."

Uwanja ulijaa. Filimbi ikalia. Vitalis akasogea, akashusha fimbo yake kumwelekea Ubeid, na mdomo wake niliuona ukifunguka kuuliza. Hakuwahi kumaliza. Ubeid aliishusha yake kwa nguvu zote juu ya mkono ule ulionyooshwa. Mlio wa mifupa niliusikia kule nilikokaa. Vitalis akapiga magoti, vidole vimepinda vibaya. Na Aristides akasimama kupiga makofi! Wageni wakamfuata.

Watu wanasema aliyepiga ni Ubeid. Sawa, mkono ulikuwa wake. Lakini nani alimwambia mwanangu kwamba rafiki akikunyooshea fimbo kwa salamu ni nafasi ya kumvunja?

Kesho yake nikaenda Buguruni, wanakopanga chumba. Vitalis alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia mama yake nimekuja kuomba radhi.

Severa akaendelea kuchambua mchele. "Wewe ulimpiga?"

"Mwanangu."

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Mzee, mimi nakuheshimu. Lakini radhi haitumiwi mjumbe. Na mkokoteni atausukuma nani? Wewe?"

Nikarudi, nikamwambia Ubeid avae viatu tukamwone mwenziwe.

"Baba, Mwenyekiti amesema ule ulikuwa mchezo tu. Halafu kesho naanza kazi, nataka kulala mapema."

"Nakwambia vaa viatu."

"Nikienda nitakuwa nimekubali kosa."

Akavuta shuka, akanigeuzia mgongo.

Alfajiri nikatoka kabla yake, nikauchukua mkokoteni wa Vitalis pale sokoni unapolazwa. Wachukuzi wakanicheka. "Leo Mwarabu anavuta! Mzee, utakufa na viazi vya watu!" Nikapakia magunia, nikavuta. Mgongo uliwaka moto, lakini ujira wa kwanza niliukunja kwenye kitambaa, wa kupeleka Buguruni.

Nikiwa nangoja lori lipite, akatokea Ubeid katika shati jipya la kazi, yuko na wenzake watatu. Akawaacha mbele, akanisogelea.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya chini. "Baba, watu wanaangalia. Unaniaibisha."

Nikakaza kamba ya magunia; shikamoo yake sikuiitikia.

"Baba, ni njia yangu hii ya kwenda kazini. Kila siku napita hapa."

"Tafuta njia nyingine," nikamwambia, nikainama kushika mikono ya mkokoteni.