Ndovu Hawamo Kwenye Fomu

Benchi la ofisi ya Wakfu wa Bega kwa Bega lilitosha watu wanne, na Teresia Wakio alikuwa wa saba. Akaegemea ukuta, faili kaibana kwapani, miguu imemvimba. Kabla ya kupanda bodaboda kutoka Sagalla kuja Voi alikuwa ameshateka maji mara mbili kwenye dimbwi la bondeni, lita ishirini kila mara, kwa njia ileile ambayo wiki tatu nyuma ndovu alimkuta Mama Alexander ameinama na kumvunja nyonga. Mama Alexander alikuwa bado amelazwa. Wenzake walikuwa bado wanateka palepale.

Na maji yalikuwepo. Hilo ndilo lililomkera Teresia kuliko yote. Chemchemi ilikuwa juu mlimani, safi, haijawahi kukauka tangu azaliwe. Kilichokosekana ni bomba. Wakati wa kiangazi ndovu walisikia harufu ya maji wakalifukua, wakalikanyaga na kulipindapinda, kipande kirefu kama viwanja viwili vya mpira. Yeye na wenzake walitaka bomba jipya tu. Kuchimba mtaro wangechimba wenyewe, na safari hii wangechimba chini zaidi.

Afisa wa miradi, aliyeitwa Rita, alimpokea saa sita kasorobo. Alikuwa binti mpole, kucha safi, rika la mwanawe Festus. Akaipekua faili kwa adabu.

"Mama, Wakfu hausaidii kikundi kimoja. Lazima muungane vikundi viwili au zaidi."

"Tumeungana, madam," Teresia akasema kwa furaha, maana hilo alijua jibu lake. "Sisi Sagalla na wenzetu wa Marungu. Bomba ni moja. Jumatatu mpaka Jumatano maji ni yetu, Alhamisi mpaka Jumamosi ni yao, Jumapili ni ya zahanati. Miaka kumi na moja na hatujawahi kukosana."

"Makubaliano mliandika wapi?"

"Tuandike ya nini? Tunajuana."

Rita akaweka kalamu chini. "Hiyo ni nzuri sana. Lakini huu mfuko ni wa kuhimiza ushirikiano mpya. Nyinyi tayari mnashirikiana. Sasa sisi tutapima mabadiliko gani?"

"Kwa hivyo tungekuwa tunapigana mngetusaidia?"

"Sio hivyo, mama."

Lakini ilivyo hakusema. Alisema tu kwamba walihitaji shirika la kuwaongoza, shirika lenye ofisi na hesabu zilizokaguliwa, na akamwandikia jina la mkurugenzi mmoja hapo hapo mjini.

Sylus, mkurugenzi wa Shirika la Macheo, alikuwa na ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini ya miguu yake mabomba yalipangwa toka sakafu hadi dari, meusi, mapya, bado na karatasi zake. Teresia aliyapita akipanda ngazi na moyo ukamuuma. Sylus alimkaribisha soda, akamsikiliza nusu saa bila kumkatiza, akasema mradi wenyewe ni mzuri ila umeandikwa kama barua ya kuomba ruhusa shuleni. Angeuandika yeye.

Siku nne baadaye akamsomea alichoandika. Kilikuwa kimejaa maneno makubwa ya Kiingereza, naye akamfasiria huku akipitisha kidole kwenye kompyuta: Jamii ya Wataita wa Sagalla na jamii ya Wakamba wa Marungu zimekuwa na mgogoro wa muda mrefu kuhusu maji. Mgogoro huo ulifikia kilele bomba lilipokatwa kwa makusudi na watu wa bondeni.

"Nani alikata?" Teresia akauliza.

"Hatujataja mtu."

"Si umetaja bondeni? Bondeni ni Marungu. Sylus, bomba liliharibiwa na ndovu. Kinyesi chao kilikuwa hapo hapo."

"Mama Teresia, nisikilize. Ndovu ni mambo ya serikali. Nenda huko ujaze fomu ya fidia, halafu uje uniambie mwaka gani umejibiwa. Hawa wanalipia watu kupatana. Sasa ndovu utampatanisha na nani?" Akacheka, akafurahia mzaha wake. "Kwa hii fomu ndovu hawana pahali pa kuandikwa. Nimetafuta."

"Na bomba liko?"

"Liko. Ukurasa wa kumi na tisa, awamu ya pili."

Teresia aliujua uongo ni nini, na aliujua huu ulivyokuwa mkubwa. Watu wa Marungu ndio waliombeba Mama Alexander juu ya mlango wa nyumba uliong'olewa, kilomita tano, mpaka barabarani. Alimwangalia yule kijana na tai yake akataka kumrushia usoni soda aliyomkaribisha tena. Kisha akafikiria njia ya dimbwini, na nani atakayekutwa ameinama wiki ijayo. Akachukua kalamu akatia sahihi.

Kesho yake akaja Nthambi, mwenyekiti wa kikundi cha Marungu, rafiki yake tangu wakiwa na mimba za vifungua mimba wao. Sylus alimpa ukurasa wa mwisho peke yake, wenye nafasi ya jina na sahihi.

"Weka hapo, mama. Hayo mengine Mama Teresia ameshasoma."

Nthambi akageuka. "Umesoma, Mama Festus?"

"Nimesoma."

"Ni sawa?"

"Ni sawa."

Nthambi akaweka sahihi yake pole pole, kwa herufi za kuchora, akapiga kope akacheka. "Basi tukanywe chai, mwenzangu. Bomba limerudi."

Njia nzima ya kurudi Teresia alikusudia kumwambia. Hakumwambia. Na kila wiki iliyopita ikawa vigumu zaidi.

Maombi yalishinda. Rita alipiga simu mwenyewe kumpa hongera, akasema kamati iliguswa sana. Wanawake wa Sagalla waliimba kanisani Jumapili hiyo, na Jumatatu wakaanza kuchimba mtaro, majembe mikononi, watoto migongoni, wakichimba mpaka kiunoni ili ndovu wasilifikie tena. Wa Marungu walianza upande wao. Walikutana katikati baada ya siku tisa. Mtaro ukakaa wazi, ukingoja bomba.

Badala ya bomba ikaja semina, siku mbili kwenye hoteli moja ya Voi, yenye bustani inayomwagiliwa asubuhi na jioni. Mlangoni waligawiwa fulana: Sagalla bluu, Marungu njano. Wakaambiwa wakae pande mbili za ukumbi, wakitazamana. Wanawake wakachekeana, maana walikuwa wamekuja kwa gari moja na wengine walikuwa wamepakatana.

Mwezeshaji kutoka Nairobi akawasha mashine, maneno yakatokea ukutani, safari hii kwa Kiswahili, ili kila mtu aelewe. Akayasoma kwa sauti ya huruma. Mgogoro wa muda mrefu. Kukatwa kwa makusudi. Watu wa bondeni.

Mpishi mmoja alipita na birika na hakuna aliyeinua kikombe.

"Hiyo ni sisi?" Nthambi akauliza. Alikuwa amesimama. "Sisi tulikata bomba?"

"Mama, hapa ni mahali salama," mwezeshaji akasema. "Hatulaumiani. Tunakiri, tunasameheana, tunasonga mbele. Ungependa kuanza wewe?"

"Nani aliandika hayo?"

Mwezeshaji, kwa nia njema kabisa, akafungua ukurasa wa mwisho. Sahihi mbili zikatokea ukutani, kubwa kama milango. Nthambi aliitazama yake kwanza, kisha ya Teresia. Halafu akamtazama Teresia mwenyewe.

"Ulisema umesoma."

"Mama Musyimi, nisikilize..."

"Ulisoma ama hukusoma?"

Teresia akainamisha macho kwenye fulana yake ya bluu. Upande wa pili Sylus alikuwa akipiga picha. Jioni hiyo watu wa Marungu walitafuta gari lao peke yao. Teresia alipomfuata Sylus kumuuliza kuhusu bomba, Sylus alimweleza kwa upole kwamba awamu ya kwanza ni maridhiano, na awamu ya pili haifunguliwi mpaka ripoti ionyeshe pande mbili zimepatana.

"Lakini tulikuwa tumepatana!" Teresia akapiga kelele. "Nyinyi ndio mmetugombanisha!"

"Ndiyo maana tunahitaji picha," Sylus akasema.

Wiki tatu baadaye akafariki mzee Musyimi, baba mkwe wake Nthambi, babu aliyempa kifungua mimba wake jina.

Mlimani na bondeni palikuwa na desturi moja, kongwe kuliko bomba. Penye msiba, maji yote ni ya wafiwa mpaka mazishi. Zamani za bomba ilikuwa kazi ya kufungua koki tu. Sasa ilikuwa kazi ya vichwa. Teresia aliwaita wenzake, wakapanda hadi chemchemi kwa sababu maji ya dimbwi hayapelekwi msibani, wakashuka wanawake kumi na moja na mitungi kumi na moja, nusu siku nzima, kupita kando ya ule mtaro mtupu, mpaka uani kwa Nthambi.

Maji ya msiba hutui mwenyewe. Unasimama langoni, mtu wa nyumbani anakuja, anakutua. Ndivyo anavyoyapokea, na ndivyo anavyokupokea.

Wakasimama. Wanawake wa Marungu walikuwa wamekaa mikekani wakichambua mchele, na hakuna aliyeinuka. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wachunge mifuko yao, wenye bomba wamekuja. Shingo ya Teresia ikaanza kutetemeka. Nthambi akatoka jikoni, leso kiunoni, macho mekundu.

"Hayo maji rudini nayo," akasema. "Wakata bomba hawanywi."

"Mwenzangu, pole na msiba. Nikemee, nipige hata, lakini tutue kwanza."

Nthambi hakusogea.

Gari likasimama langoni. Sylus akashuka mbio na kamera shingoni. Alipata habari za msiba, akasema, na akaona awe nao. Kisha akaiona ile mitungi juu ya vichwa, na uso wake ukachangamka.

"Msitue! Hapo hapo, msitue kwanza!" Akainama, akapiga, akasogea kando akapiga tena. "Mama Nthambi, pole sana. Hebu njoo umshike Mama Teresia mtungi, hivi, kama unamsaidia. Ripoti ninafunga leo. Bila Sagalla na Marungu kwa picha moja, mimi sina la kuwaambia watu wa bomba."

Nthambi alitazama watoto waliokaa kivulini na vikombe vitupu. Alilitazama jeneza la baba mkwe wake, ambaye waombolezaji wake walikuwa bado hawajapata maji ya kupikiwa. Akaja. Akasimama uso kwa uso na Teresia, karibu hata wakasikiana pumzi, akainua mikono yote miwili akaushika mtungi.

Teresia alingoja uzito upungue. Haukupungua. Vidole vya Nthambi viliugusa mtungi tu, na macho yake yaliangalia juu ya bega la Teresia, mbali.

"Vizuri sana," Sylus akasema. "Moja zaidi."