Mtungi wa Posa

Ernesta aliwafunza watu wa nyumba yake jibu moja, wazee wa posa wakiuliza kwao: sisi ni Waha wa Muyama, tangu babu. Alimfunza binti yake Ndayikeza, mwenye mimba ya miezi minne. Alimfunza na shemeji yake, mzee Niyibizi, mara tatu asubuhi ileile, maana mzee alikuwa na ukaidi wa kupenda kwao Burundi.

Wageni wa posa waliketi upande wa mlangoni: kijana Renatus na baba yake mkubwa, Mpawenimana. Ndayikeza aliketi nyuma ya mama yake. Katikati palikuwa na mtungi wa pombe ya mtama na mirija miwili. Wazee wasipokunywa pamoja hakuna ndoa, na bila ndoa Ndayikeza angezalia nyumbani, na kijiji kizima cha Busunzu kingemsema.

Niyibizi akaonja kwanza, wageni waone haina sumu. Mpawenimana akainama, akashika mrija wake, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Mzee mwenzangu, unavyoongea si kama Waha. Nyumbani kilima gani?"

"Muyama," Ernesta akadakia.

"Nimemuuliza mzee, mama."

Miaka thelathini Niyibizi hakuwa ameulizwa swali hilo na Mrundi mwenzake; kwao mtu hujulikana kwa kilima chake. Akakitaja kilima. Akataja na kijito chake. Uso ulimng'aa, ungemhurumia.

Mpawenimana akauachia mrija. "Ndugu zangu saba mliwatupa kwenye kijito hicho."

"Na wangu watano, nani aliwachoma?" Niyibizi akauliza, taratibu.

Chumba kilikuwa kidogo, na sasa kilijaa watu wasioonekana.

"Baba, vita viliisha," Renatus akasema. "Mimi na Ndayikeza tumezaliwa kambini, Mtabila. Tumechota maji bomba moja."

"Viliisha kwa nani? Inuka."

Renatus alimtazama Ndayikeza. "Ulijua ni kilima hicho?"

"Nilijua wewe ni Renatus."

Kijana akainuka, akamfuata mzee wake.

Uani, majirani waliokuwa wakisubiri pombe waliona wageni wanatoka, wakadhani mambo yameiva. Vigelegele vikapasuka. Mama mmoja akamkumbatia Mpawenimana, akamwita mkwe. Mwingine akaingia ndani mbio, akamshika Ndayikeza mabegani.

"Hongera mwanangu! Mbona umenuna? Cheka, leo siku yako!"

Ndayikeza akacheka.