Ngazi Alipohamia Timu ya Kiwanda cha Rangi

Siku Ngazi alipotangaza kwamba anahama timu, Nahodha alikuwa kwenye sinki anasugua sufuria, mgongo ameupa chumba kizima. Wala hakugeuka.

"Nenda tu, wifi," alisema. "Benchi la kule nasikia ni pana. Utakaa raha mustarehe."

Mumewe Nahodha, kaka yake Ngazi wa tumbo moja, alicheka kidogo, kisha akakatisha kicheko njiani, maana mama yao alikuwa pale mezani anachambua maharage na uso wake haukuwa na mzaha. Ngazi naye alikuwa anafunga begi lake. Alikuwa amepata kazi ya kufungasha makopo katika kiwanda cha rangi upande wa pili wa mji, kiwanda kilikuwa na timu yake ya mpira wa kikapu ya wanawake, basi kazi na timu vikaenda pamoja. Alibeba begi lake, akainama mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake kila mlango, akaenda kupanga chumba karibu na kiwanda.

Jina la Ngazi alipewa na Nahodha mwenyewe. Alimleta kwa mikono yake kwenye timu ya hospitali, aliyokuwa nahodha wake, akamtambulisha mbele ya wenzake: "Huyu ni wifi yangu. Mnamwona alivyo? Ngazi hii. Ukiiegemeza ukutani haisumbui mtu." Wakacheka wote, na Ngazi akacheka nao, na tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki la kwenye vyeti.

Nahodha alijua mpira, hilo halina ubishi. Alikuwa mfupi, mwepesi, mjanja wa macho, na kila shambulio la timu ya hospitali lilianzia mkononi mwake. Na alikuwa na sauti. Kazini alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, mahali ambapo mashine zinanguruma kutwa nzima na mvuke wa pasi unaziba macho, na hakuwahi kulazimika kumfuata mtu alipo ili amwambie kitu. Alipokuwa anaita kutoka kwenye lundo la shuka, hata wauguzi wa wodi ya jirani waliitika.

Sauti hiyohiyo aliingia nayo uwanjani. Ngazi alisimamishwa chini ya kikapu, mgongo kwa goli, na Nahodha alimrushia mpira kwa nguvu, ukimfikia magotini, mahali ambapo mtu mrefu anateseka kuinama. Ukimponyoka, ilisikika hadi barabarani: "We Ngazi! Mikono umeazima?" Ukimponyoka tena, hakurushiwa mpaka filimbi ya mwisho. Siku moja tu Ngazi alithubutu. "Wifi, ukinirushia juu kidogo nitaudaka." Nahodha alimtazama toka chini hadi juu, safari ndefu, akasema, "Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi?" Wenzao wakaguna kwa kicheko. Ngazi hakuomba tena.

Miezi michache baada ya kuhama, habari zikaanza kuingia nyumbani. Mara Ngazi amefunga kuliko wote. Mara ameitwa kwenye majaribio ya timu ya mkoa. Mumewe Nahodha alizileta mezani kama mtu aliyeleta nyama, anatabasamu peke yake. Nahodha hakukosa maelezo. Timu walizokutana nazo ni dhaifu. Amenunua viatu vipya, viatu navyo husaidia. Na msingi nani alimpa? "Sisi ndio tuliomlea," alisema kazini, huku akikunja shuka, na wenzake wakakubali kwa vichwa. Lakini mmoja wao, dada wa kupiga pasi ambaye naye alichezea timu hiyo, hakuinua kichwa. Nahodha aliliona hilo, likamkaa rohoni kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Hatimaye timu mbili zikakutana, kwenye uwanja wa shule uliopakwa mistari upya. Mama mkwe alikuja na mwanawe wa kiume, wamekaa safu ya mbele, khanga yake magotini. Mpira wenyewe hakuuelewa. Yeye hesabu yake ilikuwa moja tu: nani amemsukuma binti yake, na refa amefanya nini.

Dakika za mwanzo Nahodha alidhani amekosea mtu. Ngazi hakuwekwa chini ya kikapu. Alisimama mbali kidogo, uso kwa goli, na mpira ulimfikia juu, laini, kama anayepokezwa mtoto aliyelala. Kutoka huko juu aliuona uwanja wote. Akapasia huku, akatupa kule, akageuka akaingia. Aliyemrushia alikuwa mama mmoja mnene wa kiwandani, tena si mchezaji wa kutisha, anahema baada ya kila mbio. Mara moja mpira ulimponyoka Ngazi, ukatoka nje. Nahodha akasubiri kelele. Yule mama akainua mkono: "Kosa langu, dada! Twende, nakuletea mwingine!" Na shambulio lililofuata, mpira wa kwanza ukaenda kwa Ngazi tena. Akafunga.

Robo ya mwisho ilipoanza, timu ya hospitali ilikuwa nyuma, si kwa mengi. Ngazi alipokea mpira pembeni, akauinua, na Nahodha aliyekuwa anamkimbilia akapayuka bila kufikiri, kwa mazoea tu, kama alivyopayuka jioni zote za mazoezi.

"We Ngazi!"

Ngazi alishtuka. Mabega yalipanda hadi masikioni, kichwa kikazama, mikono ikafunguka yenyewe, na mpira ukadondoka miguuni pake. Nahodha aliunyakua, akakimbia nao, akafunga. Watu wakashangilia. Yeye alirudi kwenye nafasi yake polepole. Alikuwa amemwona wifi yake kwa ukaribu. Mtu hashtuki hivyo kwa jambo geni. Hushtuka hivyo kwa jambo analolijua vizuri.

Kocha wa hospitali akaomba mapumziko. Alikuwa anacheka. "Umeona? Anakuogopa bado! Mpigie tu kelele, mchezo tunao."

Hapo Nahodha angeweza kusema hapana. Baadaye alijirudisha kimawazo kwenye benchi lile mara nyingi, chupa ya maji mkononi, jasho linamwingia machoni, na kila mara alijipa jibu zuri. Siku yenyewe hakujibu kitu. Aliingia uwanjani, na Ngazi alipopata mpira akamwita. Akamwita tena. Mara ya pili refa alimtazama, lakini hakuna sheria inayokataza mtu kuita jina. Yule mama mnene alimkimbilia Ngazi, akamshika bega, akamwambia maneno sikioni, ila Ngazi alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani. Alianza kuwapa wenzake mpira kabla hata haujamtulia mkononi. Alisogea pembeni. Akawa yule wa zamani.

Timu ya hospitali ikashinda. Wenzake walimbeba Nahodha juu, na huko juu, pasipo pa kujificha, macho yake yakakutana na ya mama mkwe. Mama alikuwa amesimama, khanga imeanguka chini, hajaiokota.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mumewe alitembea mbele yao hatua kadhaa, kitu ambacho si tabia yake. Walipofika, mama mkwe aliketi kwenye kiti chake bila kuvua viatu.

"Mwanangu," alisema, "nikuulize. Ile sauti ya leo. Ndiyo uliyokuwa unamwitia huko mazoezini?"

Nahodha aliangalia sakafu. "Mama, uwanjani watu huitana kwa nguvu."

"Sikuuliza wengine."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa anarudi hapa jioni, ananyong'onyea, hali chakula. Nikimuuliza ana nini, ananiambia amechoka. Nikawa namwambia, mbona wifi yako hachoki? Fanya kama wifi yako." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nami nilikuwa nakusaidia wewe, bila kujua."

Angemtukana, Nahodha angepata la kushika. Aliingia chumbani akakaa kitandani na jezi yake yenye jasho, akaona haya hata kuivua, kana kwamba kuna mtu anamtazama.

Ngazi alikuwa na kawaida ya kuja Jumapili. Nahodha alidhani Jumapili ile hatakuja, na moyoni, kusema kweli, aliomba asije. Alikuja. Alimsalimia mama yake, akataniana na kaka yake, akala. Nahodha alipotoka uani kuanika nguo, Ngazi akamfuata, akachukua ncha ya pili ya shuka, wakaikung'uta pamoja, kwa kuwa shuka ni nguo ya watu wawili.

"Wifi," alianza Nahodha. Sauti ilitoka nyembamba, hakuizoea. "Nimekukosea. Si juzi tu. Tangu siku ile ya kwanza."

Ngazi alibana kibanio. Akabana cha pili.

"Watu wananiuliza kule nimefundishwa nini," alisema. "Hakuna. Mazoezi yao ni mepesi kuliko yetu, na nusu wanachelewa. Ila nikidondosha mpira, unaofuata unaletwa kwangu tena. Basi, hilo tu. Mwanzoni nilidhani wananidhihaki. Nilikuwa naurusha kwa mwingine haraka haraka, kama kaa la moto. Wakanirudishia. Wakanirudishia mpaka nikauzoea."

"Na mimi?"

"Wewe?" Ngazi alimtazama juu ya kamba, kamba ilimfika kifuani. "Kwako nilikuwa nasimama chini ya kikapu naomba Mungu usinirushie. Mchezaji anayeomba asipate mpira, wifi, huyo atafunga nini?"

Nahodha alishika kamba. Alitaka kusema kwamba alimpenda, kwamba alimleta kwenye timu kwa kuwa alimpenda, na hilo lilikuwa kweli, lakini lilipofika mdomoni likawa na ladha ya kujitetea, akalimeza. "Nisamehe," alisema.

"Nimesikia," alijibu Ngazi. Aliingia ndani kumsaidia mama yake kuosha sahani, na baada ya muda kicheko chake kikasikika kutoka jikoni. Nahodha alisimama na kapu tupu, hakujua aingie au asubiri.

Kazini aliacha kuongelea ule ushindi. Wenzake walipoutaja, aliwasha mashine. Mazoezini alimwambia kocha kwamba wakikutana tena na timu ya rangi hatafanya ule mchezo wa kelele, na kocha akamshangaa. "Ushindi ni ushindi," alisema. Nahodha akamwambia atafute mwingine wa kupayuka. Jioni hiyo alimwomba dada wa kupiga pasi asimame mbali kidogo, akamrushia mipira ya juu, laini. Mingi ilikwenda ovyo. Aligundua kwamba mpira ule ni mgumu kuutupa, unataka uangalie mikono ya mwenzako kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, na yeye miaka yote hiyo alikuwa anaangalia goli.

Kisha akapata wazo ambalo alilionea fahari kidogo. Angekwenda kumtazama wifi yake akicheza. Angekaa kama ndugu, amshangilie, watu wamwone. Aliomba ruhusa kazini, akapanda basi hadi upande wa pili wa mji, akaketi ukumbini katikati ya wafanyakazi wa kiwandani wenye madoa ya rangi kwenye kucha.

Mitupo ya kwanza ya Ngazi ilikwenda pembeni. Halafu ikatulia, na baada ya hapo hakuna aliyemweza. Umati ulipiga kelele, miguu ikagonga mbao. Nahodha alifungua mdomo, akaufunga. Alifungua tena. Sauti ilikuwa pale, tele, kooni, na hakuthubutu kuitoa. Akapiga makofi tu, viganja vikawaka moto.

"Huyo mrefu unamjua?" aliuliza mama aliyekaa pembeni yake.

"Ni wifi yangu."

"Heri yenu! Alikuwa anachezea wapi kabla?"

"Kwetu," alisema Nahodha. "Tukashindwa naye."

Mchezo ulipokwisha, Ngazi alikuja moja kwa moja hadi kwenye safu yake, taulo shingoni. Hakuwa na hasira. Alikaa, akanyoosha miguu yake mirefu.

"Nilikuona unaingia," alisema. "Ndiyo maana ile ya mwanzo nilikosa."

"Sikusema neno, wifi. Sikutoa hata sauti."

"Najua. Nilikuwa nasubiri useme."

Wenzake walimwita kutoka mlangoni, wanataka kufunga ukumbi. Alisimama, akaweka mkono begani kwa Nahodha, mkono mzito, wa kirafiki. "Usije tena msimu huu. Usinielewe vibaya. Nyumbani nitakuja kama kawaida. Ila hapa, niachie."

"Sawa," alisema Nahodha.

Alirudi kwa basi, kiti cha dirishani, paji la uso kwenye kioo. Msimu ule wote mumewe na mama mkwe walikwenda kila wiki, na yeye alibaki nyumbani na nguo za kunyoosha. Walipoingia mlangoni aliwapakulia chakula, akakaa mkabala na mumewe, akamwomba amsimulie. Mumewe hakuwa msimuliaji. Alirukaruka, alisahau robo nzima. Nahodha alimrudisha polepole. Walimrushiaje? Alidaka kwa mkono upi? Alipokosa, walimwambia nini?

"Walimwambia twende," alisema mumewe, mdomo umejaa. "Kwani wangemwambia nini?"